Sentimita Mbili

Jumamosi, saa kumi jioni, ukumbi wa Wadi Kabir:
vijana thelathini na wanne, viatu mkononi,
wote wa miaka kumi na tatu, kwa mujibu wa karatasi.
Kazi yangu ni mkanda.
Kocha anataka namba: kimo, uzito,
mkono ukinyooshwa hadi ncha ya kidole.
"Nipe warefu," ananiambia kwa Kiarabu.
"Kupiga nitawafunza. Kurefuka, nani atawafunza?"

Hakukosea. Wavu haushuki
kwa ajili ya yatima wala mtoto wa shekhe.

Muhannad, mita moja na sabini na tisa.
Masharubu yameshaota, sauti ni ya baba mtu,
na akipita mlangoni huinama
hata pale ambapo hapana haja.
Namwandika polepole. Namjua.
Niliwahi kuwa yeye.

Mwaka ule nilisimama kwenye wavu
na mpira haukupita, basi.
Sikujifunza kupokea, sikujifunza kuanguka;
ya nini kuinama, na riziki yangu ilikuwa juu?
Kisha mwili ukafunga duka.
Haukubandika tangazo, haukuniaga.
Mama alinipima kila Idi kwenye mwimo wa mlango wa jiko,
msahafu wa nyumbani haugusi kichwa, akasema,
akatumia kitabu cha simu, na kalamu ya risasi.
Alama ya kumi na tatu ipo hadi leo.
Ya ishirini iko juu yake.
Katikati hapaenei vidole viwili:
miaka saba ya maziwa, samaki na halua,
sentimita mbili.
Wale waliokuwa wakinifika kwapani
wakanipita mmoja mmoja, kwa adabu,
kama watu wanaopishana kwenye ngazi.

Wa mwisho foleni ni Nawfal.
Natazama chini: mwanga unapenya kwenye visigino.
"Shusha."
Anashusha kama anayeshusha bendera.
Mita moja na arubaini na sita.
"Mjomba," ananinong'oneza Kiswahili cha nyumbani,
"andika hamsini. Nani atajua?"
"Mkanda utajua."

Lakini nilimwona kabla, walipokuwa wakipasha moto:
anasoma bega la mpigaji
mpira ungali mkononi mwa mwenziwe,
na unapofika chini, yeye yupo keshafika,
kama aliyepigiwa simu.
Kazaliwa Disemba, tarehe thelathini.
Angechelewa siku mbili tu tumboni
angekuwa kaka mkubwa wa kundi la mwakani.
Na miguu! Kiatu namba arubaini na mbili,
miguu ya kuazima, imetangulia safari
mwenyewe bado anafunga mizigo.

"Goti linauma?"
"Usiku. Mama hunisugua mafuta ya karafuu."
Nabonyeza chini ya pia ya goti; anakunja uso.
Pana kifundo pale, kigumu, kidogo,
kama kokwa ya tende chini ya ngozi.

Sikumwambia utarefuka.
Mimi niliambiwa hivyo na watu wengi wenye hakika,
na mwili haujatia saini popote.

Nikaandika mia na arubaini na sita.
Pembeni, pasipo na safu,
nikaandika kwa kalamu ya risasi:
30 Disemba. Goti. 42.

Muhannad alikuwa mlangoni, anavaa viatu.
Nikamwambia: jifunze kupokea. Anza leo.
Akacheka kutoka juu kule,
kicheko kizuri, kisicho na kosa,
nikakumbuka kwamba na mimi nilicheka hivyo.

Kocha anashuka na orodha, kidole kikiwa mbele ya macho.
Anazungusha duara, anakata, anakata, anazungusha.
Anafika chini kabisa, anasita.
"Hii arubaini na mbili ni uzito?"
"Kiatu."
Akaniangalia. Akaangalia uwanjani,
pale kijana mmoja aliyebaki
alikuwa akiurushia ukuta mpira na kuupokea, peke yake.
Hakuzungusha duara.
Hakukata pia.
Akaichomeka kalamu sikioni, akaniuliza
kama ninao ufunguo wa taa.