Hayajavaa Sare

Ukumbini Arusha, Julai, na bado wamewasha kiyoyozi,
kijana wa suti akatusomea masharti ya mbegu mpya:
iwe tofauti na zote,
iwe sawa punje kwa punje,
isibadilike mwaka hadi mwaka.
Aliyeisajili ndiye mwenyewe.
Ukiotesha tena, una mrabaha wa kulipa.

Nikatia mkono kwenye kipochi.
Maharage niliyotoka nayo Akeri
hayajawahi kuvaa sare:
mekundu, yenye madoa, meusi machache,
na jeupe moja linalojitokeza kila masika,
sijui linatoka wapi.
Mwaka ule mvua ilipokatika Aprili
mekundu yalikauka na maua yake.
Yenye madoa tuliyala hadi Desemba.

Fomu ina kisanduku: Jina la mgunduzi.
Nimwandike nani? Mama mkwe, Ndetaramo,
aliyeletewa na dada yake wa Poli
siku alipojifungua, badala ya kanga?
Au aliyempa yule dada?
Na huyo naye, alimwomba nani?
Kisanduku chenyewe ni upana wa vidole vitatu.

Jumamosi Mama Nderingo akaja na bakuli.
Nikampimia hadi likafurika.
Akivuna atarudisha bakuli, na konzi moja juu yake;
hatujawahi kukumbushana.
"Semina ilikuwaje?"
"Walitupa soda," nikasema. "Na karatasi."

Ukurasa wa tatu nimeukunja mdomoni mwa kibuyu,
majivu yasimwagike.