Vipimo

Alhamisi ni siku yetu.
Nambeba Shekuwe mgongoni kutoka Langoni,
miaka minne, mzito kama gunia lililolowa,
kichwa chake kikinigonga bega
kila ninapompisha punda kwenye kichochoro.
Wanawake barazani hunyamaza,
kisha salamu zao huja, zimechelewa.

Usiniulize nimepita wapi kabla ya hapa.
Kombe nimemnywesha, zafarani iliyooshwa sahanini.
Kuku mweupe ametoka, mwekundu akamfuata.
Mavyaa akasema, "Mwana huyu ana wenyewe."
Miaka miwili alilala nyuma ya pazia,
na mgeni akiuliza namjibu:
yuwalala.

Chumba cha mazoezi kina dirisha moja,
mpira mkubwa wa samawati,
kioo kilichopasuka pembeni.
Bi Nekesa hana haraka.
Kwanza husugua viganja vyake vipate joto,
ndipo humgusa mwanangu,
kama mtu apigaye hodi.
Siku ya kwanza nilimuuliza: atatembea lini?
Akasema, "Leo tunazungumza na shingo."

Basi nyumbani twazungumza na shingo.
Namlaza kifudifudi juu ya mto niliouviringa,
ainue kichwa, nami nipime.
Saa ya ukutani ilikufa zamani.
Napima kwa Fatiha.
Mwezi wa kwanza: Bismillahi, kikaanguka.
Mwezi wa tatu tulifika Siku ya Malipo,
sauti yangu ikitetemeka kuliko shingo yake.
Kisha homa, kisha degedege,
tukarudi tena kwenye Bismillahi.

Ndipo Bi Nekesa akachora kiti
nyuma ya fomu ya kliniki.
"Mpe baba yake. Si fundi?"

Ni fundi. Ajua upana wa kila kizingiti Mkomani,
milango yake yafunguka hata Mombasa.
Mwanawe hajapata kumpima.
Karatasi ilikaa siku nane chini ya randa.
Ya tisa akaingia na futi kamba, akapiga magoti.
Goti hadi kisigino: ishirini na tatu.
Nyonga hadi kwapa: ishirini na sita.
Penseli sikioni, neno hakuna.
Alipofika mabegani
Shekuwe akamkamata kidole
kwa mkono ule, ule wa ngumi, usiofunguka,
akang'ang'ania.
Bwana yule akasahau namba.
Akapima upya.
Akasahau tena.

Kiti ni cha mabaki ya mbambakofi,
na mkanda wa kifuani, na tundu la kushikia kikombe.
Mwanangu alikichukia.
Siku tatu alilia humo mpaka majirani wakaja kuuliza ni nani anayechinjwa.
Tulianza kwa dakika mbili, akila tende.
Nilipokisogeza nifagie
niliona, upande unaotazama ukuta,
ua moja limechongwa, dogo, la petali sita.
Sijamwambia kama nimeliona.

Kijiko nimekizungushia kipande cha ndara kiwe kinene,
kiganja kipate cha kushika.
Uji mwingi huishia kidevuni,
mwingine kwangu, mwingine kwa paka.
Bado hatembei.
Huenda asitembee, Bi Nekesa hanidanganyi,
na Alhamisi iliyopita alisema huenda wakamhamisha;
nimemwambia anionyeshe kila kitu mara mbili.

Jana jirani, Mwanakombo, aliingia bila kubisha.
Pazia lilikuwa wazi.
Shekuwe kitini, kichwa juu,
mato yake yakimtazama mgeni,
nami katikati ya aya.
Nikamwonyesha kwa mkono: ngoja.
Akangoja, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi,
mpaka mwisho, mpaka mwisho kabisa,
na aliyesema "Amina" ni yeye.

Kisha akaomba chumvi aliyoifuata.