Glavu Juu ya Uzio

Kibanda changu cha kuchonga funguo
kina dirisha moja, usawa wa viuno vya wapita njia.
Ninawajua watu wa Tampere kwa makoti yao,
kwa mifuko, kwa mikono inayoning'inia
au iliyofichwa. Nyuso huziona wakiinama tu.

Asubuhi kituo cha tramu hujipanga chenyewe:
mtu, hatua nne, mtu, hatua nne, mtu,
kama vifungo vya koti.
Mgeni aliyetoka mbali huzihesabu hatua hizo
akadhani ni chuki.
Si chuki. Ni namna ya kumwambia mwenzio:
hewa hii yako, sitaigusa.
Hapa salamu ni akiba, haitumiwi ovyo;
jirani wa ngazi moja atakusikiliza nyuma ya mlango wake
mpaka uteremke, ndipo atoke.
Nami nimefanya hivyo. Jana.

Lakini mwezi wa pili, njia ikiwa kioo,
mama mmoja aliteleza mbele ya dirisha langu
na mikono mitatu isiyojuana ikamdaka
kabla mfuko wake wa viazi haujagusa chini.
"Vipi?"
"Salama."
Basi. Wakatawanyika haraka, wameona haya,
kana kwamba wamefumaniwa wakiiba.

Sasa Reijo na Tauno.
Miaka thelathini na moja kiwanda kimoja cha karatasi,
sauna moja kila Jumamosi,
boti moja waliyoinunua nusu kwa nusu,
na boti hiyo ndiyo iliyowagawa.
Nani alisahau kuifunika, nani alilipia rangi,
sikuulizwa; mchonga funguo si kadhi.
Ninachokijua ni viatu vyao.
Reijo huburuza cha kushoto.
Tauno hupiga ta, ta, kwa misumari ya barafu.
Wakikaribiana hapa nje, mmoja huvuka barabara,
mwingine husimama kuzikagua funguo zangu
kwa umakini ambao hata mwizi hana.

Wasiojuana hupishana kama maji.
Marafiki wa zamani hupishana kama milango ya ujia mwembamba:
ukifunguka huu, ule sharti ufungwe.

Alhamisi ile Tauno alidondosha glavu.
Ya sufu, ya kijivu, kidole gumba kina kiraka chekundu
alichokishona marehemu mkewe, Sirkka,
uzi wa kijivu ulipomwishia.
Theluji ikaanza kuifunika.
Mwanafunzi akairuka. Mbwa akainusa.
Kisha kiatu cha kushoto kikaja kikiburuzwa,
kikasimama.

Nikaiacha mashine ikizunguka bila ufunguo.

Aliinama kwa shida, ndipo nikauona uso,
mwekundu kwa baridi, au kwa jambo jingine.
Akaikung'uta gotini mara mbili.
Akaivika kwenye ncha ya uzio, vidole juu,
kama tufanyavyo sote hapa
kwa kitu cha mtu tusiyemjua.
Akaangalia kulia. Akaangalia kushoto.
Akakinyoosha kile kidole gumba chekundu
kilichokuwa kimejikunja,
akaenda zake.

Jioni, theluji imekatika, Tauno alirudi
akipekua ardhi kwa macho,
hadi alipoinua kichwa akaikuta:
mkono mtupu, umeinuliwa,
kama wa mtu anayeita toka ng'ambo.
Akagonga kioo changu.
"Umemwona aliyeiweka?"

Jina lilikuwa ulimini,
jepesi kama ufunguo usiochongwa bado.
"Mpita njia," nikasema.

"Wapo wema," akasema Tauno.
Akaivaa pale pale.
Kisha akatazama chini, kwa muda mrefu,
pale penye mchirizi katika theluji,
mguu mmoja alama, mguu mmoja mfereji,
ukielekea darajani.

Akaondoka akipita pembeni yake,
polepole, kwa misumari yake yote,
asiufute.