Nakala ya Nakala

Sizya wa Ipuli alikuja mvua ikiwa imekatika,
akaiweka simu mezani, kioo kimepasuka kona.
"Fundi, nisafishie mama. Arobaini ni Jumamosi."

Sekunde thelathini na nane.
Imepita kundi la ukoo, kundi la kwaya,
kwa shangazi Urambo, kwa mjomba Nzega, ikarudi,
na kila ilikopita imebanwa, imeacha kitu njiani,
kama gunia la mpunga lililotoboka:
limetoka Igunga limesimama,
limefika Tabora limelala.

Kalunde anacheza harusini.
Najua anacheza kwa kuwa vipande vinasogea.
Uso umekuwa vigae. Kitenge cha kanga na vifaranga
kimekuwa tope la kijani.
Na ule mwanya, uliomtangulia kucheka kabla hajasema,
umezibwa na mraba mmoja, rangi ya uji.

Nikamwambia ninayowaambia wote:
kompyuta haikumbuki ilichotupa.
Nitanoa kingo, nitapandisha mwanga,
nitamkuza mama yako ajae ukuta wa kanisa,
na mraba mdogo utakuwa mraba mkubwa, basi.
Asali ukishaitia maji, Sizya,
hata uirudishe mzingani
nyuki hawaijui.
"Ya mwanzo iko wapi?"

Akanitazama.
"Si kwako, fundi? Wewe ndiye uliyepiga."

Ndiyo.
Ukumbi wa Cheyo, mwaka ule wa jenereta.
Saa tano za harusi, diski moja ya kuchoma,
na bwana harusi kalipa nusu.
Palikuwa na mahali pa kuchagua: kubwa, wastani, ndogo.
Nikachagua ndogo. Umeme ulikuwa unapepesa,
nami nilitaka kulala.
Jumatatu kulikuwa na kipaimara, kadi imejaa.
Nikabonyeza futa.
Nikanywa chai, na maandazi mawili. Hayo nayakumbuka vizuri.

Sikumwambia Sizya hayo. Nilimwambia arudi kesho.

Usiku nikamwaga droo:
diski zenye ukungu, nyaya za kamera nilizokwisha kuziuza,
na boksi moja jeusi linalogugumia likiwashwa.
Ndani, folda niliyoiita TAKATAKA,
na ndani ya takataka, sekunde kumi na moja.

Hazikuwa harusi. Zilikuwa jaribio.
Nilimpa Kalunde karatasi nyeupe aishike kifuani
kamera ijue nyeupe ni ipi,
kabla ya bibi harusi, kabla ya keki.
Anaishika. Anaitazama. Ananitazama.
"Mbona kama mfungwa, baba? Nimeiba nini?"
Na anacheka.

Mwanya uko pale, mtu anaweza kupita.
Jasho juu ya mdomo, tone kwa tone.
Kwenye kitenge, kifaranga wa tatu hana jicho,
kiwanda kilimsahau.
Kwa kuwa hakuna aliyemtaka, hakuna aliyembana.

Sikugusa rangi. Sikukata hata pumzi ya mwisho,
pale anapogeuka na karatasi inapeperuka.
Ukubwa uleule, fremu ishirini na tano zilezile,
nikanakili kama mtu anavyohamisha yai
kutoka kiganja hadi kiganja.
Nikanakili tena kwenye diski ya pili, nikaiweka kwa dada yangu.
Sizya alipokuja nikamwambia: kwenye kundi usirushe.
Ukilazimika, itume kama faili, si kama video.
Akaitikia kama watu wanavyomwitikia daktari wa meno.

Jumamosi, shuka jeupe ukutani, Ipuli.
Kalunde akainua karatasi yake.
Mbele yangu simu zikainuka, ishirini, labda zaidi,
mikono ikitetemeka, kidole cha mtu kimeziba kona,
na kabla hatujafikia wali
mfukoni mwangu kukalia ting:
kundi la ukoo.
Nikafungua.
Vigae tayari.
Lakini kicheko, kile, kilisikika.