Tupu

Flashi ya Ndahani ilikuja na sinthesaiza arobaini na mbili,
kila moja ina vitufe kama chumba cha rubani.
Kompyuta yangu ya mtumba, ramu giga nne,
ikavuma kama mashine ya kukamua alizeti kule Kizota,
kisha ikazima.

Nikafuta. Usiku wa kwanza kumi,
wa pili ishirini bila huruma,
mpaka ikabaki moja ya bure, ya kijivu,
mawimbi mawili na chujio.
Nikaiendesha kama mtoto na baiskeli ya watu wazima,
mguu umepenya chini ya bomba.
Mwezi mzima nilijua hilo tu:
chujio likifungwa, sauti inakuwa redio ya jirani
nyuma ya ukuta wa Chang'ombe.

Mwangwi ukanishinda.
Orodha inasema: Kanisa Kuu. Ukumbi. Pango.
Nani kwetu amepiga kofi pangoni?
Ndani ya Kanisa Kuu ilimba ya mjomba Masima
ilisikika kama mtu aliyeazima koti.

Alhamisi zamu ya maji ikaturuka.
Mama Sechelela akagonga simtanki kwa mwiko:
"Tupu!"
na tupu ikazunguka mle ndani, pu, pu,
ikatoka na joto la plastiki.

Nikapanda ngazi, nikashusha simu kwa kamba ya kuanikia,
nikapiga ilimba mdomoni mwa tanki
hadi vidole gumba vikachubuka.

Sasa naomba, Mungu anisamehe,
maji yachelewe siku mbili tena.
Noti za chini
bado.