Kona ya Nne

Candiru aliuliza bei ya mbao kabla ya bei ya saruji,
nikajua pesa zake zinaishia wapi.
Nikashuka mtaroni, nikapiga ukuta kwa ngumi:
udongo mwekundu, mkavu, wa kukaza meno,
umeshika alama za sururu kama ugali wa jana unavyoshika kisu.
"Mama," nikamwambia, "hapa mbao za nini?
Ardhi yenyewe ni kalibu.
Tutazilowesha kuta zisije zikanywa maji ya zege,
vumbi tutalitoa kwa mkono, si kwa fagio,
na zege litakaa pale litakapoambiwa."

Usinisikie vibaya. Sisemi mbao ni anasa.
Nimeona zege lililomwagwa kwa kiburi
kwenye mchanga wa kando ya Enyau:
ukuta wa mtaro ukateleza ndani kimyakimya,
ukawa mseto wa udongo na saruji,
na mwenye nyumba hadi leo
huziba nyufa kila Krismasi.
Udongo huulizwa. Haudhaniwi.

Tulianza saa moja, umande haujakauka.
Mifuko kumi na tisa. Kokoto za Draru na binti zake,
walizozigonga kwa nyundo tangu msimu wa ufuta,
hakuna hata moja isiyojua vidole vyao.
Geuza mara tatu kavu, mara tatu mbichi,
Ondoga akihesabu kwa Kilugbara, sisi tukimjibu kwa machepe,
makarai yakienda yamejaa, yakirudi matupu yakilia.
Kona ya kwanza ikameza, ikanyamaza.
Ya pili.
Ya tatu tukala mihogo tumesimama.

Ya nne ikapumua.

Sina neno jingine. Ukuta ulipumua, ukavimba,
ukashusha bonge moja, kisha kikapu kizima,
na ndani tukaona weusi: shimo la zamani,
majivu, vigae vya chungu, gunzi la mahindi.
"Jiko la mama mkwe," Candiru akasema.
"Lilikuwa hapa kabla hatujakimbilia Zaire."
Alisema hivyo tu, kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Na zege limeshakorogwa, na zege halijui kusubiri.
Duka la mbao liko mbali; pesa, tulishasema.
Akaingia kibandani mwake. Tukasikia nyundo.
Akatoka na mfumbati mmoja wa kitanda,
mvule, mzito, umeng'aa kwa miaka ya visigino,
kisha wa pili, kisha kitakizo cha kichwani.
Hakuna aliyeuliza marehemu alilala upande gani.

Tukaipaka oili chafu ya pikipiki ya Ezati,
tukaifunga kwa vigingi, tukaiegemeza mawe mgongoni.
Nikaweka pima maji juu yake: kile kitone cha hewa
kikaja katikati, kikakaa kama mgeni mwenye adabu.
Tukamimina.

Kesho yake jioni nilibandua kwa ncha ya mwiko,
taratibu, kama unavyomvua shati mtoto aliyelala.
Mbao ukiziacha ardhini, mchwa hushukuru;
hizi nilizisugua, nikazirudisha mlangoni.
Usiku ule, nasikia, kitanda kilisimama tena
kikinuka gereji.

Nilimwita aje aone kabla ya kufunika.
Mishipa ya mvule ilibaki kwenye zege, mstari kwa mstari,
na kichwa cha msumari, na zile chale tano
ambazo mumewe alikata mfumbatini, kila mtoto chale yake;
ila hapa hazikuzama. Zimeinuka, kama makovu.
Akazigusa moja moja.
Kwenye ya tatu kidole kilikawia.

Kona nyingine zina sura ya sururu, basi.

"Funika," akasema, "jua lisije likaipasua."
Nikatandika nyasi. Siku saba nikamwagilia,
asubuhi na jioni, madebe mawili kila kona.
Ile ya nne nilikuwa nikisahau hesabu.