Taabu Arobaini na Tatu

Agosti. Upepo unapiga mbinja kwenye vioo vya ofisi yetu, Makole,
vumbi jekundu limetanda juu ya kibodi kama unga wa uwele.
Perisi Chilewa wa Mpunguzi aliingia na fimbo yake nyeupe,
harufu ya zabibu zinazoanza kuchacha ikimtangulia.
Hakuuliza nani mkubwa hapa.
Aliuliza, "Nani alijenga fomu ya mizigo?"

Nikasema ni mimi. Kwa kujivuna kidogo, nakiri.

Alikaa. Kipanya akakisukuma kando kwa kiwiko,
kama mtu anayemfukuza kuku mezani.
"Zima skrini," akasema, "tulingane."
Akanipa sikio moja la visikizi, jingine akabaki nalo.

Kitufe cha Tab yeye hukiita Taabu.
Taabu ya kwanza: nembo ya ushirika.
Ya pili: Mwanzo. Ya tatu: Kuhusu Sisi.
Ya tisa: salamu za mwenyekiti.
Ya kumi na saba: kitufe.
Ya kumi na nane: kitufe.
"Kitufe cha nini?"
Mashine ilinyamaza. Haikuambiwa.
Aliyepaswa kuiambia alikuwa ameketi pale, jasho likimtoka.
Ilipotimia arobaini na tatu, ndipo fomu ikatamka: Jina.

Na hapo palikuwa na fahari yangu,
njia ya mkato: bonyeza T, mzigo umetumwa.
Kikaoni waliipigia makofi.
Shamba la Perisi liko kwa jina la mama yake, Tabita.
Alibonyeza herufi ya kwanza tu,
fomu ikaondoka mikono mitupu:
*Asante. Tumepokea kilo sifuri.*

"Imetokea mara ngapi?"
"Sita, wiki hii. Daftari lenu linajua
nimevuna sifuri mara sita."

Sijasema habari ya kalenda.
Ukiingia, hutoki: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, tena Jumatatu,
boma la miiba ambalo mjenzi alijisahau, akaliziba lote.
"Babu zangu walijenga tembe," alisema,
"mlango wa kuinama mpaka magotini.
Lakini mlango."

Ndahani wa uhasibu akasogea. Macho yake mazima,
mkono wa kulia umelala tangu kiharusi.
Tukawasha skrini, naye ajaribu kwa kushoto.
Akabonyeza. Akabonyeza. Akakunja uso.
"Niko wapi?"
Ule mstari wa buluu unaomwonyesha mtu alipofika
niliufuta mwezi wa pili;
meneja alisema unaharibu rangi.
Perisi alicheka hadi akajifuta machozi.
"Huyu anaona kuliko mimi,
na amepotea kuliko mimi."

Mzigo wake niliuandika kwa kalamu, kilo mia mbili na kumi.
Usiku nilikifungia kipanya kwenye droo, ufunguo nikampa mlinzi.
Nikanaswa ndani ya kalenda yangu mwenyewe
hadi chai ikapoa.
Nikaifungulia mlango. Nikaurudisha mstari, mnene.
Vitufe nikavipa majina, kimoja kimoja, kama watoto.
T nikairudisha iwe herufi.

Alipiga simu Septemba.
"Nimehesabu," akasema. "Taabu mbili."
Nilisikia upepo upande wake,
na waya za mizabibu zikilia.
"Ila zabibu za msimu huu," akasema,
"zimekwisha."